Nilivyomzuia Daktari wa Meno Asiwafikie Wenzangu

Mwaka 2023, mvua za masika zikiwa zimeshika, nikiwa na umri wa miaka sitini na sita, niliwanyima wagonjwa wenzangu matibabu. Sitazunguka: kosa ni langu peke yangu.

Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wagonjwa wa kisukari katika zahanati yetu, upande wa Migori. Tarehe 19 Aprili daktari wa meno wa Homa Bay alinipigia simu. Alitaka kuja kutukagua fizi na kutusafisha meno bila malipo, kwa kuwa kisukari hushambulia fizi, na fizi zikioza sukari nayo hukataa kushuka. Nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa Jumamosi moja tu.

“Utaanza wewe, mwenyekiti, ili wengine wasiogope,” akasema.

Nikiwa msichana niling’olewa meno sita ya chini, kwa desturi ya Wajaluo wa zamani. Nilipojiunga na darasa la watu wazima, tayari nikiwa mjane, wenzangu walinicheka niliposoma kwa sauti. Niufungue mdomo huo mbele ya watu ninaowaongoza?

Nikamjibu kwamba sisi ni Wasabato, Jumamosi hatutibiwi. Uongo mtupu. Nusu ya kikundi ni Wakatoliki, na wanakikundi wote sikuwaambia neno kuhusu simu hiyo.

Miongoni mwao alikuwamo nyieka, yaani mke mwenzangu, ambaye pamoja naye nilimzika mume wetu. Fizi zake zilitoka damu kila alipopiga mswaki. Alinionyesha mate mekundu, nami nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi.

Oktoba, shavu lake lilivimba. Asubuhi ya tarehe 8 hakuweza kumeza hata mate. Tulikodi gari hadi Homa Bay, uvimbe ukimshukia shingoni, pumzi zikikoroma. Nilimshika mkono njia nzima.

Daktari aliyetupokea aliitambua sauti yangu.

“Mama, si ninyi mlionikataza nisije kwa sababu ya Sabato?”

Nyieka alinitazama, kisha akautoa mkono wake katika wangu. Wakampeleka kupasuliwa.

Nikabaki kwenye benchi, nisijue kama nitamrudisha nyumbani akiwa hai.

Alipona. Lakini alipoteza meno kumi na moja na kipande cha mfupa wa taya. Maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa haya: “Yesu mwenyewe aliponya siku ya Sabato. Wewe ulimzidi nini?”

Ewe unayeishi na kisukari, usingoje maumivu, maana fizi huweza kuoza bila kuuma. Nenda ukaguliwe ungali mzima. Na ewe uliyekabidhiwa watu, usiifanye aibu yako kuwa sheria yao.

Tarehe 16 Januari 2024 kikundi kilikutana mbele ya naibu wa chifu. Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Naibu akauliza kama yupo wa kunitetea.

Nyieka akainuka, leso mdomoni.

“Huyu ni nyieka. Nimemsamehe, na nyumbani tutaendelea kuombana moto na kugombana,” akasema. Watu wakacheka. “Lakini mwenyekiti, hapana.”

Kura ya kuniondoa uenyekiti ilipoitishwa, mkono wake ndio uliotangulia kuinuka. Mingine yote ikaufuata, na wa kwangu pia.