Swali la Mdogo Wangu kutoka Ng'ambo

Mimi nina hasira, na wanaonijua hapa sokoni Rumonge wameshazoea. Katekista aliwahi kuniambia nimwachie Mungu. Nikamwambia Mungu ana kazi nyingi, hii aniachie mwenyewe. Kwa hiyo nikisimulia haya, msitegemee upole.

Mdogo wangu alikuwa mwanajeshi. Sote wawili tulizaliwa kambini Tanzania, tukarudi Burundi tukiwa tumeshapata akili, tukakuta shamba la babu lina wenyewe wengine. Yeye akaona afadhali avae gwanda kuliko kushinda anagombea migomba. Mwaka jana wakamvusha ziwa kwenda kupigana Kongo, kwenye vilima vya Kivu ya Kusini. Hakuna aliyekuja kutuambia. Tulijua tu kwa kuwa alianza kupiga simu kwa namba ya Kongo.

Mara ya mwisho alipiga saa tano asubuhi, niko kwenye meza yangu ya mawese. Ubishi ulikuwa umewaka hapo hapo mbele ya madumu yangu, ubishi ule ule wa kila siku: hawa vijana wetu wanaokufa ng'ambo, kifo chao ni halali au wanakufa bure? Mwenye mashine ya kukamua mawese kule Kizuka, ndiye anayeniuzia mafuta, alikuwa anasema lazima wafe wachache kule ili vita isivuke ikatukuta sisi huku. "Ndiyo bei yake," alisema, kidole kakichovya kwenye mafuta yangu, anaonja.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu, akamjibu: "Wachache wa nani? Mutoto wako iko wapi?"

"Wangu anasoma Bujumbura."

Watu wakacheka. Jirani yangu wa meza, mama anayeuza vitenge, hakucheka. Yeye ni wa Kongo, alikimbia vita hiyo hiyo akaja huku na watoto wanne. "Muache kucheka," alisema. "Batoto benu njo balitukinga. Bila bao, bangu bangekuwa mu udongo."

Ndipo simu ikalia. Nikaenda nayo nyuma ya maduka ya chumvi ili nisikie. Mdogo wangu alikuwa anaongea haraka haraka. Alisema wamebaki wachache kilimani, chakula kimekwisha, na wenzake wanne wameamua kushuka ziwani mchana ule ule watafute mtumbwi warudi nyumbani, liwalo na liwe. Walikuwa wanamngoja yeye tu. Halafu akaniuliza, "Dada, huko mnasema nini kuhusu sisi?"

Ningemwambia ukweli. Ningemwambia, hapa kuna bwana anawaita bei, na mwingine anasema mnakufa bure, shuka na wenzako uje nyumbani. Lakini kwetu mtu aliye mbali na yuko matatani humpi maneno mabaya kwa simu. Mgonjwa unamwambia sauti yake leo ina nguvu. Mfungwa unamwambia kesi inakwenda vizuri. Ndivyo mama alivyotulea, na mimi hata sikufikiri. Nikamjibu, "Wanawasifu sana. Kila mtu hapa anajivunia nyinyi."

"Kweli, dada?"

"Kweli kabisa."

"Haya. Basi mimi nabaki. Siwezi kurudi kama mwizi wakati watu wananisifu."

Nikafungua mdomo nimwambie ngoja, uniti za simu yake zikaisha, ikakatika. Nilipiga ile namba siku nzima, haikupatikana. Siku ya nne akanipigia mwenzake aliyebaki naye kule juu, akaniambia wale wanne wamevuka salama. Waliobaki walishambuliwa kesho yake asubuhi. Mdogo wangu alipigwa risasi tumboni, na alikaa na lile jeraha mpaka mchana ndipo akakata roho.

Wiki hiyo walikuja wanaume wawili kwa mama, wamevaa kiraia. Mama alikuwa uani anachambua chikichi. Wakamwambia mwanawe amefia kazini na mwili hautakuja. Mama aliwauliza kitu kimoja tu: "Amekufa namna gani?" Wakamwambia hayo ni mambo ya kazi, wakaondoka. Toka siku hiyo akawa hana swali jingine. Anayekuja kumpa pole anaulizwa namna gani, padri anaulizwa, hata muuza chumvi anaulizwa. Mimi nilikuwa najua, nikakaa kimya miezi minne. Namuona mama yangu anauliza watu wasiojua kitu, nami namimina uji.

Kwetu matanga yanamalizwa kwa sherehe tunayoita kuganduka. Mnatandaza turubai, mnapanga viti, mnaandaa pombe, na lazima mtu wa familia asimame ashike mikro, kipaza sauti, awaeleze watu marehemu alivyokufa: aliumwa nini, alianza lini, nani alimpeleka hospitali, mpaka pumzi ya mwisho. Usipoeleza, watu wanarudi makwao wakinong'ona kwamba mmemuua wenyewe kwa sumu. Mama alikuwa anaingojea hotuba hiyo tu. Ilikuwa zamu ya mjomba, kaka yake mama, karani mstaafu wa ofisi ya komini, kuitoa. Nikaenda kwake nikamweleza yote ya simu, nikilia. Akashika kichwa, halafu akasema, "Mpwa wangu, niachie mimi. Nitayapanga."

Kumbe alivyoyapanga! Jumamosi mchana, uwanja umejaa, mjomba alisimama na koti lake la ndoa, akasema kijana wetu alishikwa na malaria kali akiwa kazini. Malaria. Kijana wa miaka ishirini na sita ana risasi tumboni, mjomba wangu anampa malaria.

Kabla sijanyanyuka, mwenye mashine alikuwa ameshasimama bila kupewa ruhusa. "Mzee, unaficha nini? Hii si aibu. Kijana amekufa vitani kwa ajili yetu, na hakufa bure."

"Kwa ajili ya nani?" Huyo alikuwa mwalimu, kiti cha nyuma. "Mutuambie, amekinga nini? Vita imesimama? Amekufa bure na mnajua."

Basi ubishi wa sokoni ukahamia kwenye uwanja wa mama yangu. Huyu anasema kifo kile kina haki yake, yule anasema ni uonevu mtupu, mama wa vitenge analia anasema wakubali angalau watoto wake wako hai. Wanabishana juu ya mdogo wangu kama watu wanaopima samaki, huyu anaona kilo imetimia, huyu anaona haijatimia. Mama alikuwa anageuza macho, mdomo huu mpaka mdomo ule, anangoja mmoja wao aseme namna gani. Hakuna aliyesema, kwa kuwa hakuna aliyejua, wala hawakuwa na haja ya kujua.

Nikamnyang'anya mjomba mikro. Sikuiomba. Nikawaambia risasi, nikawaambia tumboni, nikawaambia saa alizokaa na lile jeraha. Nikawaambia habari ya wenzake wanne waliokuwa wanamngoja, na swali aliloniuliza. Nikamgeukia mwenye mashine: "Alipokuwa ananiuliza tunasema nini, wewe ulikuwa umechovya kidole kwenye mafuta yangu unamwita bei." Nikamgeukia mwalimu: "Na wewe ulikuwa unachekesha watu. Leo mnakuja kugombea maana yake, hamna haya." Wote wawili wakakaa. Nilikuwa napiga kelele mpaka mikro inakwaruza. Ningeweza kuishia hapo, na wangenipigia makofi. Lakini ilibaki sehemu yangu, nikaisema: "Nilimwambia mnamsifu. Mimi ndiye niliyembakiza."

Mama akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe ulikuwa unajivunia?"

"Hapana, mama. Sikutaka awe na huzuni."

"Haya," akasema. "Nimesikia alivyokufa. Leteni mtungi."

Ukaletwa mtungi wa pombe ya mtama. Siku kama hiyo familia ndiyo inaanza kunywa, kwa mrija mmoja unaopita mkono kwa mkono, na mwenye kinyongo na mwenzake hampi. Mama akavuta, akampa mjomba, yule yule wa malaria. Mjomba akavuta, akaugeuza mrija kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyefuata. Mama akamshika mkono. Akauchukua mrija, akaufuta kwa ncha ya kitenge chake, akainuka akamwita mwenye mashine asogee mbele.

Akaja, macho chini, akavuta. Mama hakuondoka mbele yake.

"Wewe umesema mwanangu hakufa bure," alimwambia. "Hebu rudia."

Yule bwana alinitazama mimi, akamtazama mjomba, hakupata msaada. Akarudia. Mama akamwambia aseme tena, polepole, apate kulisikia vizuri, na yeye akasema tena. Mimi mrija haukunifikia.