Mwanamke wa Kitabu cha Pili

Eufrasia alizaliwa Ushirombo, akafundishwa kusoma na masista, akaolewa mbali, Usukumani, upande wa Samuye, na huko huko akafiwa na mume. Operesheni ya vijiji ya mwaka sabini na nne ikamhamishia katikati ya majirani wasiomjua. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mwanamke yeyote aliyepikia moto wa samadi kavu miaka thelathini. Lakini huko macho mekundu huitwa ya mchawi, na ya mjane mgeni watu huyatazama mara mbili. Kilichompatia marafiki ni kusoma tu.

Msimu wa pamba wanawake walikusanyika uani kwake kuchambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, naye akiwasomea riwaya za kuazima parokiani. Ya kwanza ilisimuliwa na msichana yatima, mpole, wa kuonewa na kila mtu. Lo, walivyompenda! Na kwa kuwa msichana alisema "mimi" kwa kinywa cha Eufrasia, mapenzi yote yakamwangukia Eufrasia. Ikaletwa michembe ya viazi vikavu, yakaletwa maziwa. Mbuke, mke wa Maganga wa nyumba ya pili, akawa anamwita "yatima wetu." Eufrasia alifurahi, tusidanganyane, ingawa kimoyomoyo yule msichana alimchosha. Mtu gani huyo asiyekosea hata siku moja?

Kitabu cha pili kilikuwa kingine kabisa. Msimulizi wake, mwanamke mwenye kijicho, alieleza bila haya jinsi alivyomtilia sumu mtoto wa jirani kwenye uji. Alikuwa na ulimi mkali, mtamu kusikiliza, na Eufrasia akanogewa. Alisoma kwa sauti ya mwanamke yule, akicheka pale alipocheka. Mikono yote ikasimama juu ya pamba.

"Mama Gelasius," Mbuke akamwambia Eufrasia, "huyu hapendeki. Mbadilishe. Mfanye alie kidogo."

"Hapendeki, ndiyo. Lakini leo nani amesinzia?"

Hakuna aliyecheka. Katika nyumba zile, anayesimulia kwa "mimi" ni yule aliyetenda. Mzee akisema "nilimuua simba," basi ni yeye aliyemuua simba huyo. Eufrasia aliishi na Wasukuma miaka mingi na jambo hilo alilijua fika. Utamu wa kitabu ulimpofusha, akaendelea.

Kabla pamba haijaisha, surua ikapita kijijini, ikamchukua kitinda mimba wa Mbuke. Msibani, mkeka aliokalia Eufrasia alibaki nao peke yake. Kesho yake uani hakuja mtu. Kisimani wanawake waliondoka alipofika, na ndoo zilizojaa nusu. Hapo hofu ikamwingia, ikakaa.

Siku ya nne asubuhi alikuja Maganga. Wanaume wawili aliokuja nao wakabaki nje ya ua wa minyaa, naye akamwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

"Nisomee pale penye mtoto."

Maganga hakujua kusoma. Eufrasia alifungua ukurasa, akijua kwamba anausomea uhai wake. Kinywani mwake akatoka mwanamke mwingine: mpole, aliyempenda mtoto wa jirani, aliyemnywesha uji huku akisali, akaanguka kaburini akilia. Alimpamba mpaka machozi yakamtoka yeye mwenyewe. Maishani mwake hakuwahi kusoma vizuri hivyo, wala kwa uongo hivyo.

Maganga alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu mwema huyo," akasema.

"Mwema sana."

"Mke wangu alimsikia mwingine. Yeye na wanawake tisa." Akakitwaa kitabu, akayatazama yale maandishi asiyoyajua, akakirudisha taratibu. "Kama yalikuwa maneno ya kitabu tu, mayu, kwa nini leo umeyaficha?"

Eufrasia akaanza kusema kweli: kwamba ni hadithi, kwamba aliogopa. Sauti ilitoka ile ile ya kusomea, laini, ya kutaka kupendwa, naye akaisikia. Maganga aligeuka akawaita wale wawili, wakaingia uani.