Kikombe cha Pili

Roboti yangu ya kufagia ikianza kunuka vumbi la moto, namkumbuka bibi, Mji wa Kale. Mjomba alimletea moja kama hii, akamwambia yule mama aliyekuwa akitufagilia asije tena.

Asubuhi yake bibi alimimina kahawa ya tangawizi vikombe viwili, kama desturi yake na yule mama. Roboti ikamgonga mguu.

"Pumzika kwanza, mwanangu, unywe," akaiambia, akaweka kikombe cha pili sakafuni.

"Bibi, hiyo ni mashine!"

"Najua."

Nikachanganyikiwa. Kama anajua, mbona anaikaribisha? Roboti ikakipindua kikombe, ikaburuta kahawa chumba kizima, ikazima. Nikakimbilia ufagio nyuma ya mlango.

"Uwache," bibi akasema. "Una mwenyewe."