Darubini ya Émérance

Émérance alianza kulenga shabaha akiwa na miaka arobaini na tisa, na kwa muda mrefu hakumwambia mtu. Alikuwa mzaliwa wa Uvira, mashariki ya Kongo, mkimbizi wa zamani, mlezi katika nyumba ya wazee huko Berchem-Sainte-Agathe, Brussels. Aliyempeleka klabu ya walenga shabaha mara ya kwanza ni Mathilde, mjane wa Kibelgiji ambaye Émérance alikuwa akimwogesha kila asubuhi. Mathilde alitaka asukumwe kwenye kiti chake cha magurudumu hadi pale, asikie tu milio aliyoizoea enzi za mumewe. Alifariki majira ya baridi ya mwaka 2011. Émérance akaendelea kwenda. Akafanya mtihani, akangoja kibali karibu mwaka mzima, akanunua bunduki iliyokwisha kutumika.

Kilichomvuta ni ule utulivu. Unalala kifudifudi, unashusha pumzi, na kwa kitambo hicho hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Mwaka 2014 macho yalimchosha. Karatasi ya shabaha iliyosimama mita mia tatu mbele yake iligeuka ukungu mweupe. Jumamosi moja akapanda metro hadi duka la silaha, na muuzaji, mwanamume mpole mwenye kipara, akampangia juu ya meza darubini tatu za kufungwa kwenye bunduki.

Aliisifu sana ile kubwa, iliyovuta kitu karibu mara ishirini na tano. Émérance alisimama nayo mlangoni, akatazama mapaa ya mbali. Kila pigo la moyo wake lilitikisa picha nzima, na joto juu ya vigae lilichezacheza kama maji. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini akisogeza kichwa kidogo tu, giza lilikula kingo, na kwa miwani yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Ya tatu ilivuta mara kumi na sita. Kioo chake kilikuwa angavu, jicho lilikaa mbali nayo bila taabu, na kizungushio chake cha kurekebisha shabaha kiligonga taratibu, kila hatua ikisikika kidoleni.

Muuzaji akamshauri aijaribu kwa yule mama aliyekuwa akianika nguo kwenye roshani ng'ambo ya barabara. Émérance akaishusha mara moja. Akamjibu kwamba kitu kama hicho hakielekezwi kwa mtu, hata kikiwa hakina bunduki. Akaipeleka kwenye saa ya kanisa, akasoma dakika zake moja moja, akaichukua.

Jioni ile furaha ilimtafutia mtu wa kuzungumza naye, akampigia mwanawe Jean-Marie, aliyekuwa akiishi Montréal na watoto wake. Akamsimulia yote, tangu klabu hadi darubini. Jean-Marie akauliza:

"Maman, kweli bunduki? Kisha yale yote tulionaka?"

"Sijasahau. Bon, za kule zilikuwa za kutufukuza. Huku napiga karatasi, na karatasi haina mama yake."

Mwanawe alimwomba asiwaambie wajukuu. Tangu siku hiyo simu zake ziliuliza habari za magoti yake na baridi ya Brussels, basi.

Jumapili iliyofuata Émérance alilala kwenye mkeka wa klabu na darubini yake mpya. Risasi za kwanza zilikwenda kushoto. Akazungusha hatua nne, akangoja upepo utulie, akapiga tano. Karatasi ilipoletwa, matundu yote matano yalifunikwa na kiganja chake. Hakuwa amewahi kupiga vile.

Akageuka kumtafuta wa kumwonyesha. Jirani yake alikuwa amevaa vizibo vya masikio, ameinamia karatasi yake mwenyewe. Wale wengine walikuwa wamekwenda kunywa kahawa, wawili wawili.

Akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akarudi kwa basi. Nyumbani aliitandaza mezani akala wali wake akiitazama, kisha akaosha sahani na kupiga pasi sare ya kazi ya Jumatatu.