Koti la Kwenye Picha

Niliona picha ya baba kwanza, kabla mama hajaiona, kwenye ukuta wa maonyesho: koti jeusi, kifungo cha pili hakipo. Nikatazama picha iliyofuata. Mtu mwingine, koti la baba. Na iliyofuata. Ukuta mzima wa wanaume wa machimbo ya Kakontwe, karibu wote marehemu sasa, wote wamevaa koti la baba yangu!

"Ilikuwa veste ya studio," akasema binti wa mpiga picha. "Papa alikuwa anavalisha kila muntu."

Harufu ya naftalini ikanijia puani. Siku ya kilio cha baba niliketi chini kando ya sanduku la bati, mama akitoa nguo moja moja hadi sanduku likabaki tupu. Alitaka kumzika na koti lile. Baba alikuwa amerudi kutoka studio na picha tu, hakueleza kwamba koti si lake. Mama akamgeukia shangazi, dada pekee wa baba, mbele ya watu wote.

"Weye njo uliiba veste ya bwana yangu!"

Shangazi alikuwa anatusongea bukari, ugali wa kilioni. "Minye? Niibie ndugu yangu?" Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka. Hakurudi kwetu tena, na alipofariki hatukwenda kilioni kwake.

Sasa mama alikuwa akifuata makoti kwa kidole, picha kwa picha, hadi mwisho wa ukuta. Kidole kikabaki hewani.

"Na bukari yake tulikula," akasema.