Mgongo Wangu na Mama wa Bukari

Mgongo wangu uliniangusha asubuhi moja ya kiangazi, mama yangu akiwa mikononi. Kwa miaka miwili, tangu miguu yake ikatae kutembea, nilikuwa nikimbeba kila siku kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani, akae pale atazame barabara yetu ya mtaa wa Kamalondo ikiamka: washonaji wakifungua vibanda, wauza mikate wakipita, wanafunzi na mashati yao meupe. Kiti cha magurudumu tunacho, lakini nyumba yetu ni ya zamani na mlango wa chumba chake ni mwembamba, hakipiti. Basi gari lake lilikuwa mimi. Siku hiyo nilipomwinua, nilisikia kitu kinanichoma kiunoni, nikapiga magoti, nikamshusha sakafuni polepole kama mtu anayeweka mayai. Yeye hakuumia. Aliyelia ni mimi, na sioni haya kusema.

Mke wangu alijitolea kumbeba. Mama akakataa katakata: hataki mke wa mwanawe amshike kiunoni, heshima ya ukwe haimruhusu. Dada yangu anakaa mbali, Kasomeno, na ana watoto wadogo. Majirani wanaume? Hakutaka hata kusikia.

"Nitangojea mutoto yangu apone," alisema, akageukia ukuta.

Tangu siku ile hakutoka tena chumbani. Alikula humo, aliogea humo, na barabara aliisikia tu kupitia dirisha dogo. Kila jioni nilipoingia kumsalimu aliniuliza neno moja: "Kesho?" Nami nilimjibu: "Kesho, mama." Nilikuwa mwongo, na wote wawili tulijua.

Daktari wa zahanati alinibonyezabonyeza, akasema hakuna mfupa uliovunjika. Misuli ndiyo iliyolala. Mimi ni mshonaji. Kwa miaka thelathini nimekaa nimejikunja juu ya cherehani, na mgongo wangu umejifunza umbo hilo. Aliniambia nipumzike siku chache, kisha nifanye mazoezi ya kuutia nguvu mgongo, tumbo na miguu, kidogo kidogo. Mimi nilisikia "mazoezi". Yale ya "kidogo kidogo" sikuyasikia.

Nyuma ya duka moja la vipuri kuna ukumbi wa mazoezi, vyumba viwili na madirisha yasiyofunga. Humo kuna mashine moja iliyoingia nchini kwa lori kupitia mpaka wa Mokambo, pamoja na vitu vingine vilivyokwisha kutumika. Wenyewe wanaiita bwato, yaani mtumbwi, kwa sababu ukiwa juu yake unafanya kama mtu anayepiga kasia. Unakaa kwenye kiti kidogo kinachoteleza juu ya reli, unafunga nyayo kwa mikanda, unashika mpini wenye mnyororo na kuvuta. Mbele yako gurudumu linavuma upepo. Pembeni yake kuna kishikio chenye namba, moja hadi kumi, na namba ikipanda uzito nao unapanda.

Katika ukumbi ule hakuna mwanaume anayeweka chini ya kumi. Ukiweka tano, unaulizwa kama unaumwa. Sisi tuliolelewa na baba zetu wa migodini tuna ugonjwa huo: tukiona kitu chepesi, tunakidharau. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye mvi, niliyekuja pale kwa sababu naumwa kweli, niliweka kumi.

Nikavuta. Nilijikunja mbele kama niko juu ya cherehani, nikaukamata mpini, nikautupa mwili wote nyuma hadi karibu nilale chali. Mwenye ukumbi, mtu mnene aliyewahi kucheza mpira, alisimama juu yangu akipiga makofi: "Vuta, papa! Vuta, baba!" Wengine wakageuka kunitazama, nami nikavimba kichwa. Asubuhi nilikuwa nikitoka kitandani moja kwa moja hadi kwenye bwato, mwili bado umekakamaa, ili niwahi kufungua kibanda. Baada ya wiki mbili nilikuwa siwezi kuinama kuvaa soksi. Mke wangu alinifunga kamba za viatu, na hilo liliniuma kuliko kiuno. Mwenye ukumbi alisema ni maumivu ya chuma tu, yatapita. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Wiki ya tatu kukawa na kilio nyumba ya nne kutoka kwetu. Baba wa nyumba alifariki, na kama desturi ya mtaa, wanaume tuliketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai na wanawake wakashika moto uani. Mimi nilichagua kiti cha pembeni kabisa ili nikiinuka kwa shida watu wasinione. Kutoka pale niliwaona vizuri wapishi, na niliona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita miaka yote.

Kuna mama mmoja katika barabara yetu, mjane, mfupi, amepita sitini, ambaye kila penye kilio huitwa yeye kusonga bukari, ugali wetu. Bukari ya nyumbani kila mtu anaijua, unga na maji ya moto. Bukari ya kilio ni mambo mengine. Ni sufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na watu uwanja mzima wanaongoja kula. Ikishaanza kushikamana, unga unauvuta mwiko kama tope la masika linavyokamata gari. Nimeona wanaume wenye mikono minene wakijaribu kwa mzaha na kuachia baada ya mizunguko mitatu.

Yule mama alikuwa ameketi kwenye kigoda. Sufuria ilikuwa imeteremshwa chini mbele yake, nyayo zake mbili zikibana masikio ya sufuria juu ya matambara ili isizunguke. Alishika mwiko kwa mikono iliyonyooka. Nami nilimwona anasukuma kwa miguu. Magoti yalinyooka kidogo, kiuno kikafuata, na mikono ikaja mwisho kabisa kumalizia. Kisha akarudi: mikono kwanza, kiuno, magoti. Mgongo wake haukukunjika hata mara moja. Uliinama mbele na kurudi nyuma kidogo, lakini ulibaki mmoja, kama mlango kwenye bawaba zake. Na kabla hajaanza kuhema, wakati bado ana nguvu, alimpa mwenzake mwiko, akasimama, akajinyoosha, akacheka na mtu. Baadaye akaurudia. Sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilisahau nimekuja kulia.

Nilimheshimu yule mama siku ile kuliko nilivyowahi kumheshimu bingwa yeyote wa mpira. Na nilijionea hasira. Alikuwa amekula nyumbani kwangu, nimemshonea nguo, na kwa miaka hiyo yote nilidhani anachokijua ni kupika.

Watu walipopungua nilimfuata, nikamweleza yote: mama yangu, bwato, kumi, soksi. Alinisikiliza akifuta mikono kwenye kitenge.

"Mama yako eko ndani tangu siku ngapi?"

"Wiki ya tatu sasa, mama."

Akaacha kufuta mikono. "Na weye uko naenda kushindana na banaume ya chuma? Papa, uko na akili kweli?"

Nikaanza kujitetea, akanikatiza. Akasema: "Kesho utanionyesha ile kintu."

Alikuja kweli, mchana, na kilemba chake na kitenge kimefungwa vizuri. Wanaume wakaacha vyuma vyao, wakaanza kukohoakohoa vicheko. Hakuwatazama. Aliniambia nipande, nivute kama ninavyovuta siku zote. Nikavuta mara nne.

"Acha! Uko navuta na mugongo. Miguu yako iko nafanya nini? Iko nalala?" Akaonyesha kishikio. "Na hii namba?"

"Ni uzito, mama. Tuko naweka kumi."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

Nilimtazama mwenye ukumbi, naye akatazama dari. Yule mama akakishusha kishikio mwenyewe hadi nne.

Kisha akaweka kiganja chake chini ya mgongo wangu, pale penye ukanda, na hakukiondoa. Aliniambia nikae wima juu ya mifupa ya makalio, si juu ya mkia. Nikienda mbele, niiname kutoka kwenye nyonga, kifua kikiwa wazi, nisiifuate mikono kwa mabega. "Sasa sukuma na miguu. Mikono ingojee. Ingojee, nakuambia!" Kila nilipojikunja alinipiga kofi dogo pale pale kiunoni, kama mtu anayemfukuza nzi. Kila nilipojitupa nyuma alisema: "Wapi! Unaenda kulala?" Nilivuta polepole, mgongo ukirudi nyuma kidogo tu, halafu mikono ikatangulia kurudi. Gurudumu likavuma sauti nyingine, ndefu na tulivu. Na kiuno hakikunichoma. Nilitamani kumkumbatia.

Mwenye ukumbi, na hili ndilo linalonifanya nimpende hadi leo, alikuja akamwomba kwa heshima zote ajaribu na yeye. Yule mama alibana kitenge kati ya magoti, akapanda, akavuta mara kama kumi na mbili hivi, mgongo wake ule ule. Hakuna aliyekohoa tena. Akashuka, akatikisa kichwa.

"Ni muzuri," alisema. "Lakini bukari haiko ndani."

Tulicheka mpaka nikashika ubavu. Tangu siku ile kishikio kikizidi tano, mwenye ukumbi anauliza sababu.

Nilianza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikwenda tena moja kwa moja kutoka kitandani. Nilingoja mwili uamke, nikatembea kwanza hadi sokoni na kurudi. Nilivuta dakika chache na kuacha kabla mgongo haujaanza kujikunja, kama yule mama anavyouachia mwiko kabla ya kuchoka. Kwenye kibanda, kila nikimaliza suruali moja nilisimama. Yule mama alipita mara kwa mara barabarani, akanikuta nimejikunja juu ya cherehani, akapiga kofi moja kwenye ukuta wa kibanda, nami nikanyooka kabla sijamwona.

Ilichukua wiki sita. Asubuhi moja nilijisikia tayari, nikaingia chumbani kwa mama yangu, sikungoja aniulize. Nilichuchumaa karibu kabisa na kitanda, nikampakata kifuani, mgongo wima, na nikasukuma kwa miguu kama nilivyofundishwa.

Alipanda kwa wepesi ulionishtua, nusura nipepesuke.

"Eh, umepata nguvu!" alisema mama, akanishika shingo, anacheka.

"Ndiyo, mama."

Lakini nguvu haikuwa yote yangu. Chini ya mkono wangu, kupitia gauni lake, nilihisi mbavu ambazo sikuwahi kuzihisi nilipokuwa nikimbeba zamani. Alikuwa ameisha mule ndani, siku baada ya siku, akinisubiri, na wiki tatu za mwanzo nilikuwa nimezitupa kwa ajili ya makofi ya watu nisiowajua hata majina. Nilitembea naye polepole hadi barazani. Nilipomweka kwenye kiti aliachia shingo yangu mara moja, macho yake yameshaenda barabarani. Mimi nilikuwa bado sijamwachia.