Kwenda Kalehe kwa Miguu

Mu miaka ile ya Zaïre, wakati kravati ilikatazwa na sisi wote tulikuwa sitwayeni, ni kusema raia, nilikuwa mwalimu wa jografia mu shule moja ya Ibanda, pale Bukavu. Nilifundisha Amazoni, Alaska na jangwa la Gobi kwa sauti ya mutu aliyefika. Wanafunzi waliandika. Hakuna aliyeniuliza swali, na miye sikuwasukuma.

Kila vakansi kubwa ya shule nilipanga safari moja, ile ile: kutembea kwa miguu toka Bukavu mupaka Kalehe, kwa shangazi yangu. Huyu shangazi, dada ya baba, ndiye alinilea. Mama alikufa nikiwa sijaota meno. Shangazi alinibeba mugongoni, akanitia mu shule, akauzisha mbuzi wake wa mwisho ili nipate viatu vya sekondari. Mara ya mwisho tulionana ilikuwa siku ya ndoa yangu. Alikuja Bukavu, akacheza kuliko vijana, akarudi kwake. Toka siku ile, miaka saba, sikukanyaga mulangoni pake.

Kamyo ilikuwa inaenda Kalehe kila siku. Mke wangu alinikumbusha ile kila siku. Lakini kwa kamyo kila mutu anafika, hata gunia ya mihogo inafika. Miye nilitaka ekspedisyo, safari kama ya wale wavumbuzi wa mu vitabu. Mwaka moja mvua iliniharibia, mwaka mwingine viatu. Mwaka mwingine tena ramani haikuwa imekwisha, juu nilikuwa sijapata krayo ya bleu kwa ajili ya ziwa. Kila nilipokosa kwenda, nilituma pakiti ya sukari kwa wamama wanaoleta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Walikuwa wanarudi na jibu moja: "Ameipokea." Basi nilikuwa nalala muzuri.

Mwaka wa saba, moja wa wale wamama aliongeza neno. Alikuwa anapima samaki, hakuniangalia hata.

"Mwalimu, shangazi yako macho iko inaisha. Anasema kama unataka akuone, usikawie."

Nilirudi nyumbani, nikamwambia mke wangu tunaondoka siku ya posho, ile Jumamosi, asubuhi na mapema. Alitaka kusema kamyo, akaniangalia uso, akaacha. Alichemsha mayai na viazi, akafunga nguo. Miye nilipakia ramani, busole, kaye mupya ya kuandikia safari na kamba ndefu.

"Kamba ya nini?" akauliza. "Tunaenda kumusalimia shangazi ao tunaenda kumukamata?"

Nilimwambia kila ekspedisyo iko na kamba. Akaibeba yeye.

Sasa, siku ya posho asubuhi ilikuwa siku ya salongo. Kila sitwayeni alipashwa kufanya kazi ya mikono kwa ajili ya inchi: kulima barabara, kufagia, kukata majani. Miye mwenyewe nilikuwa nafundisha ile mu darasa, na muntihani nilikuwa natoa juu yake. Mbele ya Kavumu bwana moja mwenye filimbi alitusimamisha.

"Munaenda wapi, sitwayeni?"

"Tuko mu ekspedisyo."

"Muzuri. Muifanye hapa."

Alinipa kupe-kupe ya kukatia majani, mke wangu akapata fagio. Nilikata majani mupaka saa tano, na abakosti yangu mwilini, ile koti ya sitwayeni isiyovaliwa na kravati, na busole mu mufuko ikionyesha kaskazini. Mke wangu alifagia kipande chake akamaliza, akakuja kufagia changu. Hakuuliza nani alichagua siku. Bwana wa filimbi alitushukuru kwa jina la inchi.

Tulilala Katana kwa watu wa mke wangu, na kesho yake tulitembea na ziwa mukono wa kuume, kisiwa cha Idjwi kimelala kule ngambo. Nasema kweli, nilifurahi. Tulikaa juu ya jiwe, tukakula mayai na chumvi, na mke wangu akanihadisia mambo ya utoto wake ambayo mu miaka saba hakupata nafasi ya kuniambia. Alicheka mupaka akamwanga chumvi. Niliandika mu kaye: "Jiwe, mayai, hewa safi." Kisha nilikumbuka macho ya shangazi, nikasimama, nikaongeza mwendo.

Tulifika saa kumi. Shangazi alikuwa amekaa mulangoni, kando ya barabara, mudogo kuliko vile nilimuacha. Aligeuza kichwa kufwata viatu vyetu.

"Ni nani?"

"Ni miye, shangazi."

Hakulia. Alinishika uso, mabega, kisha akainama akashika viatu vyangu, akasikia vumbi. "Karibu, mutoto wangu," akasema. Nilimupa pakiti ya sukari niliyobeba, ya saba. Aliiweka chini, akamuomba mke wangu ashushe kitunga kilichotundikwa juu ya moto, kule moshi inapita.

Ndani yake kulikuwa pakiti sita. Hakuna iliyofunguliwa.

Kwetu, mwenye kutoa ndiye anaonja kwanza. Mutu akikuletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anapiga funda moja mbele yako, unaona koo lake linashuka, kisha unapokea. Si kwamba unamuzania mulozi. Ni adabu tu, na mutu anaijua mbele ya kujua kusoma. Huyu huyu shangazi ndiye alinifundisha. Nilituma sukari miaka sita, na sikufikiri hata siku moja nani ataionja.

"Wale wamama walitaka kuonja kwa ajili yako," akasema. "Nikakataa. Kinywa chao ni chao."

Alichukua ya kwanza, akaipapasa. Ilikuwa imegeuka jiwe.

"Hii ni ya mwaka nyumba iliangukaka. Onja."

Nilivunja kipande, nikakula. Ilikuwa na harufu ya moshi.

"Hii ni ya mwaka nilivunjika mukono. Onja."

Nikaonja. Ya tatu ilikuwa imeingiliwa na sisimizi. "Hao hawana adabu," akasema, "hawakukungojea." Akanipa nikaionja vile vile. Nilisikia haya mupaka masikio yakawaka. Nilionja zote, mupaka ya saba.

Hapo ndipo aliomba chai. Mke wangu alimutilia na sukari ile, shangazi akakunywa polepole, kikombe kizima.

"Iko tamu," akasema. Kisha akauliza: "Mulikuja na miguu juu ya nini? Kamyo inasimamaka hapa mbele ya mulango kila siku. Ikisimama, miye natoka kuangalia nani anashuka."

Nilimwambia nilitaka kufika muzuri. Akasema, "Ah, sawa," akaomba kikombe kingine.

Tulikaa kwake juma moja. Siku ya kurudi tulipanda kamyo pale pale mulangoni, shangazi amesimama, mukono juu, akiangalia upande ambao hatukuwa. Kaye, ramani na kamba vilikuwa mu mufuko. Mbele ya saa sita ya muchana tulikuwa tumeshafika nyumbani Bukavu. Mke wangu alitoa kamba mu mufuko, akaifunga inje, akaanika nguo za safari. Ingekuwa afazali aseme.